Faida ya Kila Jumatatu

"Shoga, acha uchoyo! Pesa inaingia kwako kila Jumatatu, mimi naomba jina la kampuni tu, wiki ya tatu sasa unanizungusha."

Yayoi aliyasema hayo huku akipasua tumbo la samaki, maji ya barafu yakimchuruzikia mpaka kwenye mabuti ya mpira. Fumie, aliyekuwa upande wa pili wa meza akifunga minofu kwenye trei, hakuinua uso.

"Si uchoyo. Mambo hayo ni ya mume wangu, mimi undani wake siujui."

"Kinachofanyika huko ni nini hasa?"

"Unaweka pesa. Wao wananunua vitu vilivyotumika, mikoba ya bei kali, saa, lenzi za kamera, wanaviuza tena mtandaoni. Wewe unakaa tu. Kila wiki wanakutumia chako."

"Unakaa tu!" Yayoi akacheka mpaka kisu kikatikisika. "Hayo ndiyo maneno! Nina yeni milioni moja ya urithi wa mama, imelala benki kama maiti. Wiki ijayo naingiza yote."

"Wee, ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Nichunguze. Ikipotea utakuja kunililia mimi."

Fumie Kurashige alikuwa na miaka arobaini na saba, na kati ya hiyo, minne ya mwisho alikuwa ameishi kama mjane mwenye mume. Teruhiko alihamishwa na kampuni yake ya mabomba kwenda Amagasaki, yeye akabaki Tottori na mama mkwe. Hawakujaliwa mtoto. Mama Haruno alikuwa na miaka themanini na moja, masikio yamekwisha, na televisheni yake ilisikika mpaka kwa jirani wa tatu. Fumie alikula na sauti ya televisheni, akaosha vyombo na sauti ya televisheni, kisha akatandika godoro na kulala pembeni, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi.

Mumewe alikuwa kwenye simu, na kwenye simu penyewe alikuwa mistari minne.

"Baridi huku."

"Huku pia."

"Mama mzima?"

"Mzima."

Basi. Jumatatu tu ndiyo iliyokuwa tofauti. Saa sita mchana, wakati wa mapumziko, benki ilipomjulisha kwamba yeni elfu ishirini na tano zimeingia, Fumie alimpigia. "Imeingia," alisema. "Vizuri," alijibu Teruhiko. Hapo waliongea dakika mbili tatu, theluji, bei ya kaa, goti la mama, kisha kila mmoja akarudi kwenye upweke wake.

Mtaji ulikuwa wa mama mkwe. Marehemu baba mkwe aliacha shamba la mapeasi mlimani, na miaka miwili iliyopita Mama Haruno aliliuza kwa yeni milioni tano, akamkabidhi mwanawe zote. "Mimi nazeeka. Zifanye zizae," alimwambia. Teruhiko akazipeleka kwenye kampuni moja iliyoitwa Minorigura, na tangu hapo kila Jumatatu Mama Haruno aliwatangazia majirani kwamba mwanawe ana akili.

Sasa ikabidi Fumie aichunguze akili hiyo.

Alikitoa kwenye droo kijitabu cha Minorigura, akafungua daftari na kuanza kuandika maswali. Wananunua wapi? Ghala lao liko mtaa gani? Wanaonunua ni kina nani? Mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika lazima awe na leseni ya polisi. Namba yao iko wapi? Kijitabu kilikuwa na picha ya mwanamke amelala kwenye kiti ufukweni, lakini namba ya leseni hakikuwa nayo.

Swali la mwisho lilimjia kazini, akiwa amemshika samaki mkononi.

"Yayoi, wiki ile ya dhoruba tuliuza samaki wangapi?"

"Tuuze wapi? Mashua hazikutoka."

"Na wiki ya mwaka mpya?"

"Tulikosa hata pa kuweka miguu. Kwani vipi?"

"Hawa watu faida yao haipandi wala haishuki. Elfu ishirini na tano, elfu ishirini na tano, mwaka na nusu. Biashara gani haina wiki mbaya?"

Yayoi akakunja midomo. "Ndiyo maana wao ni matajiri, sisi tunanuka samaki. Dada Fumie, sema ukweli, hutaki na mimi nipate."

Fumie akavuta trei nyingine. Siku ya mapumziko aliipiga namba ya kampuni, ikasema haitumiki. Akafungua ukurasa wao mtandaoni, haukuwepo. Akavaa koti, akatia kitabu cha benki kwenye mkoba na kwenda mjini, kwenye ofisi ya serikali inayowashauri wanunuzi.

Alipokelewa na mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Minorigura?" Mama yule akaivua miwani. "Dada, hawa walifunga mwezi wa sita mwaka jana. Wakubwa wao wamekamatwa, kesi inaendelea. Hapakuwa na mikoba wala saa. Aliyeingia leo, pesa yake alilipwa aliyeingia jana. Walipokosa wa kuingia, wakazima simu."

"Haiwezekani. Jumatatu hii wamenilipa."

"Wamekulipa wewe?"

"Elfu ishirini na tano. Hii hapa."

Mama akakivuta kitabu karibu, akafuata mistari kwa kalamu. Minorigura, Minorigura, Minorigura. Miezi tisa ya kampuni iliyokufa.

"Jina la mtumaji huandikwa na anayetuma," alisema polepole. "Mimi nikitaka naweza kukutumia pesa kwa jina la paka wangu. Hebu, huyu wa mwezi wa pili ni nani?"

Kalamu ilikuwa imesimama kwenye mstari mmoja tu ulioachana na wenzake. Aliyetuma siku hiyo alikuwa amesahau kubadilisha jina.

"Kurashige Teruhiko," Fumie alisoma. "Ni mume wangu."

"Basi zungumza na mumeo kwanza. Kisha rudi, milango yetu iko wazi."

Fumie alitoka akakaa kwenye benchi la kituo cha basi, mabasi mawili yakampita. Theluji ilikuwa ikiyeyuka na kumdondokea begani kutoka kwenye paa, asiweze hata kusogea.

Alipomsimulia, Yayoi alisahau samaki wake wote.

"Pesa ya mama imeliwa?"

"Yote."

"Na yeye anakutumia kwa jina la maiti? Shoga, mwanamume hafanyi hivyo bila dhambi. Hiyo ni kafara! Anakulipa ukae kimya."

"Mimi sijawahi kupiga kelele, Yayoi."

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

Fumie alihesabu moyoni. Alikuja mwezi wa nane kuzuru makaburi, akalala siku moja. Mwaka mpya hakuja; kazi nyingi, alisema.

"Mpigie Jumamosi," Yayoi alisema kwa sauti ya chini. "Siku asiyokutegemea."

Jumamosi saa tano asubuhi Fumie alipiga. Simu iliita muda mrefu, kisha ikapokewa na mwanamke mwenye sauti nzito ya kukwaruza, kama ya mwenye baa.

"Haloo? Kurashige yuko huku nyuma, mikono imemjaa. Nani mwenzangu?"

Fumie akakata. Aliiweka simu juu ya meza kama kitu kilichomuunguza. Chumba cha pili watu wa televisheni walicheka, na Mama Haruno akacheka nao.

"Nani alikuwa?" mama mkwe aliuliza kwa kelele.

"Mtu amekosea namba, Mama."

Jumapili alfajiri alimwachia mama mkwe chakula kilichofunikwa, akapanda basi la Osaka, mji jirani na Amagasaki. Saa tatu nzima alikaa dirishani akipanga maneno. Alipanga ya kutukana, akayafuta. Akapanga ya kuuliza kwa upole, akayafuta nayo. Kilichomuuma zaidi hakikuwa mwanamke. Kilimuuma kwamba alipojaribu kuukumbuka uso wa mumewe, uliokuja ulikuwa wa miaka minne iliyopita.

Kwenye jengo la vyumba vya wafanyakazi kule Amagasaki, mzee wa kutunza jengo alikuwa akifagia ngazi.

"Kurashige? Jumamosi na Jumapili humpati hapa. Anatoka na baiskeli saa kumi na mbili asubuhi, anarudi giza limeingia. Nenda nyuma ya stesheni, uliza kwa Mama Tokuda."

"Huyo Mama Tokuda ni nani?"

Mzee akacheka. "Ukifika utamsikia kabla hujamwona."

Na kweli. Nyuma ya stesheni palikuwa na ghala la mabati, mlango wazi, na ndani sauti ile ile ya kukwaruza ilikuwa ikigomba: "Hiyo ina mkwaruzo chini, uandike! Mteja akirudisha nitakukata wewe mshahara!" Mwenye sauti alikuwa bibi mfupi wa miaka karibu sabini, mwenye aproni na kalamu mbili kwenye nywele. Rafu zilijaa mpaka darini. Mikoba, kamera, sufuria za umeme, vinyago vya watoto. Na katikati ya vitu hivyo, ameinama mbele ya taa ya kupigia picha, kiunoni amefunga mkanda wa mgongo, alikuwa Teruhiko. Alikuwa amekonda. Nywele za kisogoni zilikuwa zimeingia mvi.

Alipiga picha ya mkoba, akaugeuza, akaupiga tena, akaandika kitu, akaufunga kwa karatasi, akanyoosha mgongo kwa uchungu. Ndipo akamwona.

"Fumie?"

"Endelea," Fumie alisema. "Usiache kwa ajili yangu. Nataka kuiona hii pesa inayojifanyia kazi yenyewe."

Mkoba ulimponyoka.

Bibi wa kalamu mbili aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Wewe ndiye mke? Ndiye uliyenikatia simu jana? Haya, Kurashige, nusu saa. Na unachukua kahawa kwa pesa yako, si yangu."

Walikaa uani kwenye makreti, kati yao makopo mawili ya kahawa ambayo hakuna aliyeyafungua. Treni zilipita nyuma ya ukuta.

"Umejua yote?" Teruhiko aliuliza.

"Nimejua wamefunga mwezi wa sita. Nimejua unatuma wewe. Sijui kwa nini."

"Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo, Teru. Watu wengine huambizana kwa mdomo."

Akainamisha kichwa. "Unakumbuka siku ile uliyoniambia nyumba ni baridi hata kiangazi? Nilikwenda kumwomba meneja anirudishe Tottori. Akasema nikirudi, mshahara unashuka kwa theluthi. Nikawaza, pesa ya mama ikizaa kidogo kila wiki, pengo linazibika, narudi. Nilikwenda kwenye semina yao. Nilikunywa chai yao. Sikuuliza hata ghala lao liko wapi."

"Hata leseni?"

"Hata leseni. Walisema nikae tu, na mimi nilikuwa nimechoka, Fumie. Nilitaka kuwaamini."

"Basi walipofunga, si ungeacha? Kwa nini ujiue hapa Jumamosi na Jumapili, ukose hata mwaka mpya?"

Teruhiko alilizungusha kopo mikononi. Vidole vilikuwa na mipasuko ya karatasi na gundi.

"Jumatatu ndiyo siku uliyokuwa unanipigia," alisema.

"Nini?"

"Siku nyingine ni ujumbe. Baridi huku, huku pia. Jumatatu ulikuwa unapiga mwenyewe kunambia imeingia, nami nasikia sauti yako. Ile Jumatatu ya kwanza pesa haikuingia, nilikaa na simu mkononi mpaka saa za kazi zikaisha. Hukupiga. Nikajua, bila pesa hii huna sababu ya kunipigia. Kesho yake nikaituma mwenyewe."

Fumie alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Aliziba mdomo kwa kiganja.

"Elfu ishirini na tano," alisema alipoweza, "kwa dakika tatu za simu?"

"Ilikuwa ghali. Sikuwa na njia nyingine."

"Mjinga wewe! Mimi nilikuwa napiga Jumatatu kwa sababu ndiyo siku pekee niliyokuwa na neno la kukwambia. Siku nyingine naishika simu, naitazama, nasema, nimwambie nini mtu amechoka na kazi? Nimwambie leo nimefunga trei mia mbili? Nimwambie nimekula peke yangu tena?"

"Ungenambia hivyo hivyo."

"Na wewe ungenambia umetapeliwa."

Treni ikapita. Teruhiko alijifuta macho kwa mkono wa shati, akabaki na vumbi jeusi shavuni. Fumie alilitazama vumbi lile, lakini hakunyoosha mkono. Hasira ilikuwa bado imekaa kifuani kama jiwe, na hakutaka kujifanya haipo.

"Sikiliza," alisema akisimama. "Kesho Jumatatu usinitumie pesa. Njoo wewe."

"Kesho? Kazini nitasema nini?"

"Sema unaumwa. Uongo wako wote ulinipa mimi, wao hujawapa hata mmoja."

"Na mama?"

"Mama utamwambia wewe. Mimi sili kwa niaba yako, na sitasema kwa niaba yako."

Alirudi na basi la mchana, hakugeuka nyuma.

Jumatatu saa sita, mezani pa samaki, simu yake haikulia. Saa saba haikulia. Yayoi alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Haijaingia?"

"Haijaingia."

"Ni vizuri au vibaya?"

"Sijui bado."

Alimaliza zamu saa tisa, akatembea kwenda nyumbani akijiambia kwamba hategemei kitu. Mlangoni palikuwa na viatu vya mwanamume vilivyolowa mvua, vimepangwa vizuri, ncha zikitazama nje.

Teruhiko alikuwa amepiga magoti sebuleni mbele ya mama yake, televisheni ikivuma nyuma yake.

"Mama, pesa ya shamba imepotea."

"Ee? Sema kwa sauti, sisikii."

"Pesa ya shamba, Mama! Imepotea!"

"Imefanya nini?"

"NIMETAPELIWA, MAMA! NIMEIPOTEZA PESA YOTE YA SHAMBA LA BABA! NIMEKUDANGANYA MIEZI TISA!"

Mbwa wa jirani akabweka. Mama Haruno alinyoosha mkono, akazima televisheni, na ukimya ukaingia nyumbani mle kama mgeni asiyezoeleka.

"Mara ya kwanza nilisikia," alisema bibi kizee. "Nilitaka nione kama unaweza kulisema tena."

Teruhiko aligusa mkeka kwa paji la uso.

"Mkeo alijua?"

"Hapana. Ameyagundua mwenyewe, kwenye ofisi ya kuwashauri wanunuzi mjini."

"Basi umewadanganya wanawake wawili kwa jasho la mwanamume aliyekufa." Akamtazama mwanawe kisogoni. "Mbona umekuwa na mvi hivi? Huko hawakulishi?"

Teruhiko akainua uso kutoka kwenye mkeka.

"Mkataba una jina la nani?"

"Langu."

"Kesho tunakwenda wote kwenye hiyo ofisi aliyokwenda mkeo. Utaeleza wewe. Mimi nitakaa kwenye kiti nikutazame. Fumie!"

"Naam, Mama."

"Wewe utakaa katikati. Naweza kumpiga."

Wanasheria wa waliotapeliwa waliliongeza jina la Teruhiko kwenye orodha ndefu. Walisema ikirudi sehemu ya kumi, washukuru. Yayoi alinuna siku mbili, ya tatu akaleta viazi vitamu vya kuchoma, akasema milioni yake imeamua kuendelea kulala benki. Mama Haruno hakuwatangazia majirani lolote. Hakukuwa na haja, walishasikia wenyewe.

Mwezi wa kumi Teruhiko alirudi Tottori moja kwa moja, kwa mshahara wa chini na cheo cha chini, kuhesabu mabomba kwenye tawi dogo nje ya mji. Ilimchukua Fumie muda kuzoea. Alikuwa akishtuka kumkuta mtu jikoni. Mara nyingine walikosa la kusema kwa mlo mzima, na ukimya huo ulimtisha, mpaka alipogundua kwamba haufanani na ule wa zamani.

Jumapili moja asubuhi Teruhiko alikuwa amekaa sakafuni akikata kucha juu ya gazeti, Fumie akipita na ufagio.

"Fumie. Bado una hasira na mimi?"

"Ninayo."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nyanyua miguu, nifagie hapo."

Akainyanyua. Fumie akafagia chini yake, polepole, mara mbili.